Siku Mwalimu Arafa Alipomfunika Kevin

Pigo la kwanza lilimpata Mwalimu Arafa begani, akadhani kuna mtu amejikwaa akamwangukia. La pili ndilo lililomvunja mkono. Alisikia mfupa ukilia ndani ya nyama kabla hajasikia maumivu, na alipogeuka alimwona aliyeshika rungu. Alikuwa Wakhungu, mzee aliyeheshimiwa katika kijiji kizima cha Bokoli, shemeji wa mama aliyempa malazi.

Ilikuwa Agosti 2006, msimu wa tohara.

Arafa alikuwa ametoka Tanga mwezi wa Januari, ana diploma ya ualimu na hana mshahara. Chama kimoja chenye ofisi Kitale kilikuwa kimemwomba ajitolee mwaka mzima katika shule ya jamii iliyokosa walimu. Alidhani kuingia Kenya kungekuwa kama kuhamia mtaa wa pili, maana lugha ni moja. Siku ya kwanza darasani alisema, "Tafadhalini, fungueni madaftari yenu," darasa la saba zima likaangua kicheko.

"Mwarimu, ati unaongea kama redio!" alisema mvulana wa dawati la mbele. Huyo ndiye Kevin, kitinda mimba wa nyumba aliyofikia.

Alizoea. Alijifunza kuvaa sweta mbili kwa ajili ya baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon, kula ugali wa wimbi na kunde zilizopikwa kwa maziwa, na kuitikia "mulembe" kabla mtu hajamaliza kumsalimu. Mama Nakhungu, mwenyeji wake, alikuwa mjane wa marehemu Wekoye, aliyekuwa chifu msaidizi na ambaye jina lake halikuwahi kutajwa kwa ubaya. Kila Nakhungu alipotaka kumchinjia mgeni kuku, alimwita muuza mitumba mmoja Mwislamu kutoka soko la Misikhu aje achinje yeye. "Mgeni wetu asile kwa mashaka," alisema.

Mwezi wa Juni Kevin aliugua homa ya mapafu. Arafa alikaa naye hospitalini Bungoma, akimwinua kitandani kila alipokosa pumzi. Ndiyo maana Agosti ilipofika, na kijana akaanza kuzunguka kwa jamaa akipiga njuga na kuwaalika kwenye tohara yake, mwalimu hakupata usingizi vizuri.

Nakhungu alimweleza mapema. "Asubuhi ile mimi nitakaa ndani nimeshika nguzo ya nyumba mpaka mwanangu akatwe. Mama akitoka, wanasema kijana atatetemeka mbele ya kisu. Na wewe usiguse kitu, mwanangu. Tazama tu."

"Sitagusa, Mama."

Palipopambazuka walimrudisha Kevin kutoka mtoni. Alikuwa uchi, amepakwa matope mazito kuanzia kichwani hadi magotini, na juu ya utosi umesimikwa wima unyasi mmoja usiopaswa kuanguka kabla ya kisu. Nyuma yake walikuja wanaume wakiimba, marungu juu, kwa kuwa anayelia mbele ya ngariba hupigwa hapo hapo. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali. Meno ya Kevin yalikuwa yakigongana, na alipofika karibu na lango alikohoa, kikohozi kile kile cha Juni.

Arafa alisahau yote aliyoambiwa. Alifungua kanga yake kiunoni akamtupia mabegani.

"Utaumwa tena, Kevin."

Unyasi ulianguka na nyimbo zikakatika.

"Anaogopa!" mtu alipaza sauti. "Mpaka anafunikwa na mwanamke!"

"Mretee na uji wa chupa, bana!" mwingine alidakia, na kicheko kikalipuka, kicheko kibaya.

Nyuma ya Arafa, Wakhungu alilipasua kundi. "Umetupaka mavi usoni, wee mwanamke! Mbele ya watu wote!" Ndipo rungu lilipoanza kazi. Baada ya mkono lilimpata mbavuni, naye akaanguka kifudifudi kwenye matope. Wengine waliingilia kwa mateke. Jiwe lilimpasua juu ya sikio, damu ikamwingia machoni, na aliyesimama juu yake akakanyaga mkono ule ule uliovunjika. Arafa alipiga kelele za mtu asiyejua tena anapiga kelele kwa lugha gani.

Mama Nakhungu alizisikia. Aliiachia nguzo, akatoka.

Wanawake waliokuwa mlangoni walijaribu kumrudisha. "Mama Kevin, usitoke! Utamharibia mtoto!" Aliwasukuma. Alipita katikati ya wanaume akajilaza juu ya Arafa, akageuza uso kumtazama Wakhungu.

"Shemeji, huyu ni mgeni wangu. Anza na mimi."

Akaanza naye. Rungu lilimchana Nakhungu paji la uso, na damu yake ikamdondokea Arafa shingoni. Wakhungu aliinua mkono tena, na hapo Kevin akaitupa kanga chini. Hakumtazama mama yake. Alitembea peke yake hadi mahali ngariba alipokuwa akimngoja, akasimama, mikono kiunoni, macho wazi.

Kelele zote zilikufa. Chini ya kwapa la Nakhungu, Arafa aliiona miguu ya Kevin kwenye matope. Kisu kilipita. Hata kidole cha mguu hakikusogea.

Filimbi ilipulizwa na vigelegele vikapigwa. Watu walimzunguka kijana wakicheza, wakawaacha wale wanawake wawili wamelala pale pale.

Gari la chama liliwapeleka Arafa na Nakhungu hospitalini Kitale, mkono wa Arafa ukatiwa chuma. Kiongozi wa chama alimletea tiketi ya basi la kurudi Tanga. Siku hiyo hiyo wazee wa ukoo walimfuata Nakhungu wodini, bandeji ikiwa bado kichwani.

"Mama Kevin, si mseme mwalimu alianguka? Tufikirie jina la nyumba."

"Jina la nyumba ndilo ninalolifikiria," alijibu. "Wekoye hakuwahi kumgusa mgeni. Aliyempiga atajwe kwa jina lake mwenyewe, tusije tukatajwa sote."

Wazee waliondoka bila kuaga. Arafa aliiacha tiketi mezani bila kuigusa.

Kevin alipopona alikuja kumwona Arafa, amesimama mlangoni kama mtu mzima.

"Mwarimu, mimi sikuwa naogopa. Niriskia baridi tu."

"Najua."

"Wewe unajua. Wao hawajui. Shuleni wananiita wa kanga."

Kesi ilisikilizwa mahakamani Bungoma mwezi wa Novemba. Ukoo wa Wekoye ulijaza mabenchi, na hakuna aliyesogea kumpisha Nakhungu, naye akasimama ukutani muda wote. Mwendesha mashtaka aliuliza kama shahidi anamwona aliyempiga. Arafa alinyoosha mkono wa kushoto.

"Ni yule, Mzee Wakhungu. Na Kevin Wekoye alikuwa anasikia baridi, hakuwa na woga. Niliyeogopa ni mimi."

"Shahidi, jibu ulichoulizwa," alisema hakimu.

"Nimejibu, Mheshimiwa. Na hilo la pili naomba liandikwe."

Karani aliinua kalamu, akamtazama hakimu. Kwenye mabenchi watu walianza kunong'ona. Kizimbani, Wakhungu alikuwa amekaza macho sakafuni.

"Liandike," alisema hakimu.