Sauti ya Mama kwenye Kadi

Wa kwanza ninayemlaumu ni kaka yangu mkubwa wa Columbus. Wa pili ni fundi wa kompyuta wa Newburg, mtaa tuliokaa kule Louisville. Wa tatu nitamfikia.

Mama alifia kambini, kabla majina yetu hayajatoka kwenye orodha ya kuja Amerika. Siku chache kabla hajafa nilimrekodi kwa simu ndogo. Alitaja watoto wake kumi na mmoja waliouawa kule milimani kwetu, na mahali kila mmoja alipolala. Majina sisi tuliyajua. Mahali alipajua yeye peke yake, maana sisi tulikimbia, yeye akabaki kuzika. Mimi niliishia darasa la tatu, kuandika kunanishinda. Ile kadi ya simu ndiyo ilikuwa daftari langu. Simu yenyewe ilishakufa, kadi niliileta ndani ya soksi.

Mwaka wetu wa pili Louisville tukapata kompyuta ya kwanza, iliyotumika. Kumbukumbu ya Mama ilikuwa inakaribia, na kwetu siku hiyo kila marehemu anatajwa pamoja na mahali alipozikwa. Nikachomeka kadi. Kompyuta ikagoma kufungua sauti, eti inataka programu.

Nikampigia kaka, kule Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Alikuwa na kompyuta miezi sita tu, tayari ni profesa.

"Mdogo wangu, programu ziko za bure! Tafuta za bure, bonyeza ile ya kijani."

"Za kijani ziko nyingi, yaya," nikamwambia, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya.

"Bon, sawa, bonyeza zote. Ikikuuliza kitu, sema ndiyo. Wewe uliwahi kukataa unga wa kambi?"

Kambini cha bure kilikuwa na njia moja. Unapanga mstari, unaweka dole gumba kwenye karatasi usiyoweza kuisoma, unapewa unga. Ukiuliza karatasi inasema nini, unatolewa kwenye mstari. Miaka kumi na minne niliweka dole. Donc, basi, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Binti yangu alisimama nyuma yangu, akasema kwa Kiingereza ningoje asome kwanza.

"Nani mzazi hapa?" nikamjibu.

Huyo aliyejibu hivyo ndiye wa tatu.

Kumbe zile za bure zilikuja na virusi; kabla ya jioni mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina, hata ya kwenye kadi, na hakuna lililofunguka. Nikampelekea fundi vyote, nikamwomba aniokolee sauti tu, mengine ayaache. Akanirudishia kadi akicheka: "Nimekusafishia kila kitu, mzee. Iko kama mpya."

Kama mpya! Ilikuwa tupu.

Siku ya kumbukumbu kaka alikuja, akala nyama, akaimba kwa sauti kuliko wote. Mimi nikataja jina, nikanyamaza pale pa mahali. Jina, kimya. Mara kumi na moja. Watu wakatazama viatu vyao.

Baadaye tulihamia Buffalo, kazi ya kiwandani. Mama mmoja Mrundi tuliyefanya naye kazi akaniwekea programu ya bure kweli, na kila swali alilisoma mpaka mwisho.

"Hii inafungua hata sauti za simu za zamani," akasema. "Lete yako tujaribu."

"Sina."

"Basi sema kitu, inarekodi pia."

Nikasema yale majina kumi na moja. Ikayarudisha vizuri sana, safi, kwa sauti yangu mimi, bila mahali.