Ndege Iliyoingia kwa Mzazi

Klabu yetu ilikuwa na mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina na ndege moja. Ndege yenyewe ya kuchezea, inaongozwa kwa kisanduku chenye antena. Mzungu mmoja, fundi wa mashine za kuvunia, aliiacha mkataba wake ulipoisha, ikiwa imevunjika mabawa, na wanaume wa karakana wakaipokea kama vile wamekabidhiwa shirika zima la ndege. Siku zile kila kitu kilikuwa na kamati, na wao wakaunda ya kwao kabla hata hawajajua propela inazungukia upande gani.

Hii ilikuwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare za Hanang. Mimi nilishuka kutoka Mbulu, nikaajiriwa kutunza stoo ya vipuri, na kila mtu akaniita mama stoo, hata wazee ambao mimi ndiye niliyewaamkia shikamoo.

Mabawa yalihitaji kitambaa chepesi. Wanaume wakaleta turubai. Wakaleta gunia la mbolea. Jamani, gunia! Nilipochoka kuwatazama nikatoa bitana ya gauni langu la harusi, nikaikata, nikaishona, nikaibandika kwa gundi mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Mwenyekiti, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu wa karakana, akasema mbele ya wote, "Mama stoo, zamu yako ya kurusha ipo."

Ahadi ni deni, lakini yule bwana alikuwa mdeni sugu. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikwenda kwenye barabara ya vumbi katikati ya ngano, na kila Jumapili zamu yangu ilikuwa na ugonjwa wake. Leo upepo. Leo betri. Leo kuna mgeni. "Utaidondosha, mama." Thubutu! Wao walikuwa wanaidondosha wiki baada ya wiki na mimi ndiye ninayeshona. Sioni haya kusema kwamba nilitaka kuirusha ndege ile kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo. Nilikuwa nalala naiota.

Basi Jumapili moja, mavuno yameisha, mwenyekiti akairusha juu mno ili amwoneshe mgeni kutoka Katesh. Upepo wa mlimani ukaichukua. Akavuta vijiti vya kisanduku, akapiga kisanduku kofi, akakiomba kwa jina la Bwana, ndege haikusikia. Ikaelekea upande wa maboma ya wafugaji, ikashuka, ikatupotea machoni. Wanaume wakakimbia, mimi nyuma yao. Walipofika kwenye boma la kwanza wakasimama langoni kama ng'ombe walioona nyoka.

Ndege ilikuwa imeteleza uani ikaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya mwanamke aliyejifungua juzijuzi. Kwa wafugaji wale mwanamume haingii kwa mzazi, awe nani, awe na shida gani. Akiingia, wanawake wanakusanyika, wanamhukumu, na faini ni ng'ombe dume mweusi. Hata waume zao hawana neno. Mwenyekiti alijua hayo vizuri, ndiyo maana akageuka akanitafuta kwa macho.

"Mama stoo, wewe ni mwanamke," akasema, kama vile ndiyo kwanza anagundua.

Nikaenda kuchukua sukari kwangu, maana huendi kwa mzazi mikono mitupu, nikaingia na mama mmoja wa boma lile aliyekuwa akituuzia maziwa karakana. Yeye alijua Kiswahili. Mtoto amelala fofofo, mzazi anacheka, na ndege iko pembeni ya kitanda, wameifunika kipande cha ngozi ya ndama isipate baridi. Nikapongeza, nikambeba mtoto kidogo, kisha nikaomba ndege yetu.

"Haitoki," mama wa maziwa akaniambia. "Iko kwenye kesi."

Kesho yake walikuja karakana wanawake wengi ajabu, na sketi zao za ngozi na fimbo zao, ndege yetu wameibeba, wakaketi chini kwenye uwanja wa matrekta. Kazi ikasimama. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mwembamba, sauti yake ndogo, na kila aliposema mama wa maziwa alitafsiri. Matrekta yale yale yalikuwa yamelima malisho yao bila mtu kuwauliza. Hakuna ofisi iliyowasikiliza. Sasa walikuwa wamekamata kitu cha shamba, japo kidogo, na hawakuwa na haraka. Mimi niliona ni haki yao.

"Hii ndege ni ya nani?" bibi akauliza.

"Shikamoo, bibi. Ni ya klabu," mwenyekiti akajibu.

"Huyo klabu ni mwanamume au mwanamke?"

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akatazama viatu vyake. "Klabu si mtu, bibi," mwenyekiti akasema. "Ni sisi sote."

Bibi akashauriana na wenzake, kisha akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kukamua. Kama ndege ni ya mwanamume, basi mwanamume ameingia kwa mzazi, na dume jeusi litoke. Kama ni ya mwanamke, mwanamke ametuma ndege yake kumsalimu mzazi, na hapo hakuna kosa. Wachague.

Mwenyekiti alikuwa na dume moja tu kwao Mbulu, la kulimia, tena jeusi tii. "Ni ya mama stoo!" akasema. "Tangu zamani."

"Ni yake," makamu akadakia. "Ni yake kabisa," akasema katibu, na wengine wote wakaitikia kama kwaya. Lo! Watu walioninyima hata kushika antena!

Bibi akanigeukia mimi. Hakuwa mjinga, aliona wanavyotetemeka. "Ni yako?"

Hasira zilinipanda hadi kooni, na furaha nayo ilikuwa huko huko. Nikasema, "Bibi, mabawa ni yangu."

"Ndege bila mabawa ni nini?"

Basi ikawa yangu. Lakini Jumapili wangekuja kushuhudia mwenyewe akirusha, bibi akasema, na mwanamume yeyote atakayeigusa, ndege au kisanduku, dume litoke.

Jumapili wakaja kweli, mzazi tu ndiye aliyebaki. Nikazungusha propela mwenyewe, ikanichapa vidole, nikasonya, nikazungusha tena mpaka injini ikawaka. Nikavuta kijiti. Ndege ikakimbia barabarani, ikaruka, na mimi nikapiga kelele kama mtoto. Niliipitisha juu ya mabua ya ngano, juu ya matrekta, nikaona jua likipenya kwenye bitana yangu. Machozi yalinitoka.

Kisha nikakumbuka kwamba sijui kuishusha. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, mikono ameifunga mgongoni asije akajisahau. "Kushoto, mama! Kushoto!" Hakuniambia kwamba ndege ikikujia usoni kushoto inakuwa kulia. Nikapeleka kushoto, ikageuka ikatujia sisi. Katibu akalala kifudifudi. Makamu akaingia chini ya trela. Mwenyekiti alinyoosha mkono kuelekea kisanduku, bibi akakohoa, mkono ukarudi mgongoni. Sijawahi kuona mtu akiteseka namna ile, na sikumhurumia hata kidogo.

Mafuta yakaisha. Kelele ikakatika ghafla, kukawa kimya, ndege inaelea. Sikugusa kitu. Nilishika vijiti kama unavyoshika yai, ikashuka polepole ikakaa kwenye mabua, ikavunjika gurudumu moja. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Hongera, mama stoo," mwenyekiti akasema. "Ukitulia naomba na mimi nirushe kidogo."

"Zamu yako ipo, mwenyekiti," nikamwambia, nikaenda kuiokota.