Masufuria ya Harusi Mtoni Mirongo

Mwamba uliopata jua ukipigwa na mvua hutoa harufu ya chungu kipya. Nikiinusa hapa kibarazani kwangu naanza kucheka peke yangu, na wajukuu hudhani uzee umenipanda kichwani.

Nilikuwa bado mtoto, na dada yangu Nyamizi alikuwa anaolewa kesho yake. Mama alikuwa ameazima masufuria ya mtaa mzima, na tulitakiwa kwenda kuyasugua Mto Mirongo. Kabla hatujatoka alisimama akitazama milimani, kulikofunga weusi wa mvua, akasita. Baba yangu, mvuvi wa Kijita aliyejua kujivuna, akamcheka.

"Mama Nyamizi, mvua inatoka ziwani. Ziwani kweupe. Nendeni."

Tukaenda. Jua lilikuwa linachoma na maji yalitufika vifundoni tu. Mara nikasikia kishindo kama ng'ombe wanateremka. Mama alinikwapua, akanitupa juu ya mwamba, na maji mekundu yakapita na kila kitu. Na hapo hata tone moja la mvua halikuwa limetudondokea.

Masufuria yakaenda yakizunguka kama bata waliolewa. Sisi mbio ukingoni, mama mbele, khanga kaishika mkononi: "Nitawaambia nini wenyewe? Na wageni kesho nitawapikia kwenye kofia?" Mjini, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alinasa moja kwa mpini wa mwavuli, akatukabidhi huku anacheka hadi machozi. Mengine yakaingia ziwani.

Tulipofika mlangoni mwa mto, baba alikuwa anarudi na mtumbwi umejaa masufuria. Mama akajishika kiuno.

"Baba Nyamizi, leo umevua nini?"

Baba akatazama pembeni. "Samaki wa milimani."

Ufuko mzima ukaangua kicheko. Pilau likapikwa, tulipoteza mfuniko mmoja tu.

Wakati ule niliamini mama ni mganga. Nilipoolewa na kuhamia huku juu ndipo nikaelewa: alizaliwa kwenye milima hii, alijua mvua ya kwao ndiyo mafuriko ya wengine. Na siku hizi ni balaa zaidi. Palipokuwa na majani pana mabati, na bati halinywi maji. Mvua ikinyesha hapa, mto umeshafika mjini hujamaliza kuanua nguo.

Kwa hiyo weusi ukifunga huku, nampigia simu binti yangu anayekaa bondeni. Kwake jua linawaka, lakini anawakusanya watoto na kuondoka ukingoni. Mume wake, mvuvi naye, alibisha mara moja tu.