Maigizo ya Dada

Mtu akiniambia fulani "ana maigizo", damu inanichemka. Maigizo ni ya mtu anayejua anatazamwa: jicho moja linalia, la pili linahesabu watazamaji. Dada yangu alikuwa akilia chooni, mlango kaufunga kwa komeo. Alikuwa anamwigizia nani, ndoo?

Dada ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye kiwanda cha sare. Machozi yake yako karibu, nakubali. Hata vitunguu vya jirani vinamliza. Wenzake wakambandika jina Bi Maigizo, naye akacheka nao.

Kiwandani kwao sindano ikivunjika, vipande vyote vinatafutwa na kubandikwa kwenye fomu, mteja asije akachomwa. Siku moja sindano ilimpiga Dada kidole cha shahada ikavunjika, na ncha haikuonekana. Msimamizi akafumua mzigo mzima wa mashati, akapitisha sumaku kwenye kila kola, akafagisha sakafu. Dada anamwambia ncha imo kidoleni, huku analia. Yule bwana, bila hata kugeuka, akamwambia aache maigizo, watu wanatafuta kitu cha maana. Mashati yalikaguliwa mara tatu. Kidole cha mtu hakikutazamwa hata mara moja. Hivi hawa wana akili kweli?

Ngoja nimalize, maana hasira yangu haiishii kwake. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba, Dada akashindwa kumenya viazi, akaanza kulia. Mimi, mdogo wake aliyemlea kwa mikono hiyohiyo, nikampokonya kisu.

"Dada, na wewe umezidi. Maigizo mpaka jikoni?"

Akajifuta uso kwa kanga. Tangu hapo sikumsikia tena, kumbe kilio kilihamia chooni, nami, mjinga mkubwa, nikajisifu kwamba nimemkomesha.

Siku ya tisa homa ikamwangusha. Hospitalini picha ilionyesha ncha imelala kando ya mfupa, na usaha umeshapanda. Daktari akasema kidole hakiponi tena, kinakatwa leo, wanachopigania ni kiganja. Akamuuliza maumivu yakoje.

Dada akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Ya kawaida tu, daktari," akasema.

Macho yake yalikuwa makavu kabisa.