Binti mfalme aliyegoma kulowa

Saa moja asubuhi, maji ya bwawa bado ni baridi, na Kocha tayari yumo hadi kifuani. Kiganja chake kimemshikilia mtoto tumboni. "Piga miguu, mwanangu! Unaogelea au unakanda unga?" Wenzake waliokaa ukingoni wanaangua kicheko.

Watoto wanamwita Kambare, naye jina halikatai. Ni mwaka wa kumi na moja anafundisha kuogelea kwenye bwawa hili la umma, lenye vigae vilivyobanduka na bomba la kuogea linalotoa maji likijisikia.

Mwaka jana aliletwa msichana wa miaka sita, kichwani taji la plastiki. Alikaa ukingoni, miguu kaikunja isilowe.

"Binti mfalme haogelei," alimwambia Kocha. "Anangoja mwana wa mfalme aje kumwokoa."

Damu ilimchemka Kocha, na ana sababu. Yeye akiwa na miaka kumi, mdogo wake aliteleza akatumbukia kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua.

"Tulikuwa wasichana watano pale juu, hakuna aliyejua kuogelea," anakumbuka. "Tulipiga mayowe tu, tukingoja mwanamume atokee." Alitokea dereva wa lori, akamtoa mtoto akiwa bado anapumua.

Basi Kocha akapiga marufuku mataji. Msichana alilia mpaka kwikwi, na wiki iliyofuata hakuonekana. Alikuja mama yake, muuguzi, peke yake.

"Kocha, taji umemvua, na hamu ya kuja umemvua vilevile," alisema.

Jioni ile Kocha alimsimulia mdogo wake, yule yule wa shimoni, ambaye sasa ni mshona mapazia. Alitarajia kuungwa mkono. Mdogo mtu akacheka.

"Dada, hadithi hizo za mabinti wa wafalme nilizipenda, na hadi leo nawasimulia wanangu. Sizo zilizonitumbukiza. Ningejua kuogelea, ningetoka mwenyewe na gauni langu mwilini."



Kocha alimpigia muuguzi simu. Mtoto akarudi, na safari hii Kocha mwenyewe alilibana taji nyweleni lisidondoke. Kisha akarusha mwanasesere wa kiume kwenye kina kifupi.

"Mwana wa mfalme ndiye huyo, hajui kuogelea. Sasa yeye amngoje nani?"

Msichana alimtazama mwanasesere, akamtazama Kocha. "Mjinga huyu," akasema, akashuka majini kumfuata.

Leo anavuka upana wa bwawa bila kushikwa, na wasichana wanne wa mtaani kwao wamemfuata darasani.

Si wote waliofurahi. Baba mmoja alilalamika kwamba mwalimu anawalea watoto kwenye ndoto. "Mimi simchagulii mtoto cha kuota," Kocha anajibu. "Nataka tu akianguka majini, atoke."

Mwezi ujao anaanzisha darasa la kina mama, kila Jumapili. Wa kwanza kujiandikisha ni muuguzi, ambaye hajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Leo anajaribu, kamng'ang'ania Kocha shingoni.

"Usiniachie!"

"Sikuachii, dada. Legeza mwili."

Nyuma yao maji yanaruka. Binti yake ameshajitosa, anakata maji kuwaelekea.

"Mama, usiogope! Nakuja!"