Maji ya Moto ya Mzazi

Donat Mwape alikuwa fundi wa mabomba mwenye maswali mengi kuliko spana. Kabla ya kufunga mashine ya maji moto katika nyumba ya mtu, alitaka kujua maji yanafika kwa nguvu gani, chupa ya gesi itakaa wapi na moshi utatokea wapi. Wateja wengine walichoka, wakamwita Padri wa Mabomba, kwa sababu ilibidi uungame kwake nyumba nzima kabla hajashika chombo. Yeye hakujali. Maji ya Lubumbashi yana chokaa, alisema, na mashine iliyofungwa kwa haraka humfilisi mwenye nyumba mapema.

Ufundi aliupata kwa Mbelgiji mmoja aliyefunga virago mwaka wa sitini, uhuru ulipofika, akamwachia begi la vyombo na mtaa mzima wa wateja. Wateja hao nao walikuwa wageni mtaani. Makarani waliopandishwa vyeo na serikali ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, waliingia katika nyumba zilizohamwa na Wazungu, na wengi walitaka kwanza chauffe-bain, lile sanduku jeupe la ukutani lisilo na tangi, linalowasha moto wa gesi pale tu unapofungua bomba.

Mwezi wa kumi, mwaka wa sitini na moja, karani mmoja aitwaye Lucien alimwita. Mkewe Delphine alikuwa amejifungua na angetoka hospitali kesho yake. Mashine ilikuwepo. Bomba la kutolea moshi halikuwepo, na tangu mapigano ya Septemba na askari wa Umoja wa Mataifa hapakuwa na duka mjini lililokuwa nalo.

“Bila bomba ya moshi siwezi,” Donat alisema. “Tuifunge inje, ku baraza.”

“Ku baraza bataiiba,” Lucien akajibu. “Monsieur Donat, bibi yangu iko na mutoto wa siku ine. Unataka aoge maji ya baridi?”

Hapo fundi akalegea. Aliifunga mashine ndani ya bafu, akatoboa ukuta matundu mawili, moja karibu na sakafu la kuingiza hewa, moja karibu na dari la kutoa moshi. Alimwambia Lucien mara tatu kwamba matundu yasizibwe, dirisha lisifungwe, na beseni lijazwe kwanza, moto uzimwe, ndipo mtu aingie kuoga. Lucien aliitikia mara tatu kama yuko kwenye litania. Donat alijua kabisa kwamba kazi ile haikuwa safi. Akaondoka hivyohivyo.

Kesho yake mchana alikuwa mezani na mkewe, Laurentine, wakila bukari. Laurentine alikuwa ametoka kumsalimia Delphine aliyerudi nyumbani, na alijaa furaha. Mama yake Delphine, bibi mmoja aitwaye Kunda, alikuwa amefika kutoka Pweto kumkanda binti yake.

“Iko naziba kila kitundu na bilamba, nguo za zamani,” Laurentine alisema. “Anasema upepo isiingiye mu mifupa ya muzazi. Ule mama anajua kazi.”

Tonge lilibaki mkononi mwa Donat. Mama yake mwenyewe alimfungia Laurentine mlango vilevile kwa watoto wote wanne. Desturi hiyo aliijua kama jina lake, ila hakuifikiria hata kidogo, kwa kuwa kuoga kwa mzazi ni kazi ya wanawake na mwanamume hapeleki akili yake huko. Lucien naye asingeweza kusema neno. Mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, sembuse kuzungumza habari za bafu. Donat alirukia baiskeli.

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Maji yalimwagika ndani, lakini hapakuwa na sauti ya mtu. Mwanamume kuingia anapokandwa mzazi ni aibu isiyooshwa, na Donat alisimama pale akihesabu aibu hiyo. Alihesabu pumzi mbili, na pumzi hizo alizijutia maisha yake yote. Kisha akapiga bega.

Delphine alikuwa sakafuni, uchi. Kunda aliegemea ukuta, macho wazi, haoni kitu. Donat alifunga gesi, akawaburuta mmoja mmoja hadi uani, akawafunika kwa shuka zilizokuwa zikikauka kwenye kamba. Delphine alitapika hadi jioni. Walipona wote wawili, na mtoto alikuwa salama chumbani, amelala usingizi wake.

Jumatatu Donat alirudi kuishusha mashine. Kunda alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni mwa bafu. Habari ya aibu hakuigusa. Alimwuliza kila tundu lilikuwa la nini, na Donat akamweleza polepole, hadi kwenye moshi ule mbaya usiokuwa na harufu. Kunda akayarudia yote bila kuangusha neno.

“Buko yangu, bwana ya mutoto yangu, hawezi kuniambia mambo ya bafu,” alisema. “Ile najua. Lakini bibi yako alikuya kunisalimia, baba. Ungemupa ile neno, angeniletea. Sisi banamuke tunaambiana.”

“Iko kweli, mama,” Donat alisema. Aliona haya kuliko siku ile alipovunja mlango.

Kunda aliinuka, akaenda kuinjika sufuria ya maji ya kumkandia binti yake kwenye makaa, na Donat akaendelea kufungua skrubu.