Marashi Niliyojipaka kwa Wivu

Bibi yangu Nyambura ni mjamzito, na chafya za aleji zilikuwa zinampeleka kwa duka la dawa hapa Kitengela kila mara. Mwenye duka ni kijana, tena ananukia vizuri. Mimi nimejenga ploti ya nyumba za kupangisha bila shule, siwezi kushindwa na koti nyeupe. Nikanunua marashi makali, nikajipaka mpaka kofia. Chafya zikazidi, naye akazidi kwenda.

Jana nikamfuata, nikawakuta wakinong'onezana.

"Unamtakia nini bibi yangu?" nikauliza mbele ya wateja.

"Mzee, anaogopa dawa itaumiza mtoto. Ziko zenye anaweza kutumia, lakini kwanza tutoe kile kinamsumbua. Mama, umekijua?"

Nyambura akaziba pua na leso. "Ndiye huyo amesimama hapo, daktari."